Siku sita kwenye njia ya Lackawanna

Wiki ya tatu hii tangu nirudi Morogoro. Daftari nililokuwa nikiandikia lililowa mvua ya Nicholson, mji mdogo wa Pennsylvania, Marekani, kurasa nne zikagandana, kwa hiyo sehemu nyingine nimezipanga upya kwa kufuata picha za simu na bahasha ya risiti ambayo mpwa wangu Rehema alinilazimisha niitunze. Namshukuru kwa hilo.

Marehemu baba alikuwa fundi kwenye karakana ya vichwa vya treni Tabora. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na shirika la reli likagawanywa, nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Ninachokumbuka ni baba jioni moja, amekaa barazani na ovaroli yake, hasemi neno. Tangu hapo swali moja halijaniacha: reli hufaje? Wanaojibu "usimamizi mbovu" huwa wanajibu haraka mno.

Rehema aliponialika kwake Jersey City, nilimwambia nataka tufuate reli moja tu, Delaware, Lackawanna and Western, kutoka ilipogusa maji ya Hudson hadi kwenye milima ya Pennsylvania ilikozaliwa. Wenyeji huiita Lackawanna. Niliichagua kwa sababu haikuwa reli ya ovyo. Ilikuwa na fedha, ilikuwa na wahandisi hodari, na ilijenga kwa zege ambalo mpaka leo halijatikisika. Hata hivyo mwaka 1960 ilikoma kuwa kampuni inayojitegemea, na miaka kumi na sita baadaye hata kampuni iliyoirithi ikawa imekwisha.

Siku ya 1, Jumatano: Hoboken

Kutoka kwa Rehema hadi Hoboken ni vituo vichache vya PATH, treni ya chini ya ardhi. Nauli ilikuwa dola 3, unagusisha kadi ya benki na kupita.

Stesheni ya Hoboken ilifunguliwa 1907. Uso wake unaotazama mto umevikwa shaba, na hewa ya maji imeigeuza shaba yote kuwa ya kijani. Juu kuna mnara wa saa wenye jina LACKAWANNA kwa herufi kubwa. Ndani kuna ukumbi wa kusubiria wenye dari la vioo vya rangi vya Tiffany, na mwanga unaoshuka pale saa nne asubuhi ni wa rangi ya asali. Nilikaa kwenye benchi karibu saa nzima. Mzee mmoja wa usafi aliona napiga picha dari, akaacha ufagio wake, akaja kunionyesha kwa kiganja maji yalipofika ukutani wakati wa kimbunga cha Sandy mwaka 2012. Kiganja chake kilisimama karibu na kifua changu. "Tulidhani ndiyo basi," aliniambia, akarudi kazini.

Reli ya Lackawanna haikuwahi kuvuka Hudson. Abiria wa New York alishuka hapa, akatembea hatua chache na kuingia kivukoni, kama mtu wa Kigamboni anavyofanya. Vivuko bado vinaondoka palepale. Na ni kutoka hapa ambapo tarehe 3 Septemba 1930 Thomas Edison, akiwa na miaka 83, alishika mpini wa treni ya kwanza ya umeme ya kampuni hii.

Sehemu hii ya reli haikufa, kwa sababu watu wanaofanya kazi New York wanaishi kando yake na treni zinajaa. Lakini zamani abiria hao hao walikuwa mzigo. Wanajaza mabehewa asubuhi, wanayajaza tena jioni, na katikati ya siku mabehewa, wafanyakazi na stesheni vyote vinakaa vikila fedha. Jimbo la New Jersey nalo liliitoza reli kodi nzito kwa ardhi na majengo yake, wakati barabara za washindani wake zilijengwa kwa fedha za umma. Niliandika daftarini: sababu ya kwanza.

Kwa atakayefuata: fika kabla ya saa moja asubuhi au baada ya saa tatu. Katikati ya hapo umati hautakupa nafasi ya kuangalia kitu. Chakula cha ndani ya stesheni ni ghali. Tulikula mkate wa mayai mtaa wa pili kwa dola 9.

Siku ya 2, Alhamisi: Dover, tuta la Pequest na daraja la Paulinskill

Treni ya asubuhi kutoka Hoboken hadi Dover, nyaya za umeme zinapoishia. Hapo tulichukua gari la kukodi, na hapo ndipo tulipopata kero kubwa ya safari. Tulikuwa tumekubaliana dola 62 kwa siku mtandaoni. Mezani tukaambiwa kwamba kwa kuwa Rehema ana miaka 23 kuna nyongeza ya kila siku, na bima nayo iko kando. Bei ilikaribia kuwa mara mbili. Tulibishana dakika arobaini, tukalipa. Wenye vijana chini ya miaka 25, ulizeni hilo kabla ya kitu kingine chochote, na mpate jibu kwa maandishi.

Kutoka hapo tulifuata barabara ndogo ndogo kutafuta kile ambacho Lackawanna yenyewe ilikiona kuwa fahari yake: njia ya mkato ya New Jersey. Njia ya zamani ilizunguka mno milimani. William Truesdale, aliyeshika urais wa kampuni mwaka 1899, akaamua kukata moja kwa moja. Kazi ilianza 1908, treni zikaanza kupita tarehe 24 Desemba 1911. Ni kilomita 46 tu, lakini katika kilomita hizo hakuna mahali hata pamoja ambapo barabara inakatiza reli kwenye usawa mmoja. Palipokuwa na bonde walijaza udongo, palipokuwa na mwamba walipasua, na kona zikalazwa taratibu ili treni isipunguze mwendo. Safari ikafupika kwa kilomita 18 hivi.

Tuta la Pequest lina urefu wa kilomita 5 na kuna mahali linafika mita 33 kwenda juu. Lilipojengwa, halikuwapo tuta la reli kubwa kama hilo duniani. Leo limeota miti mikubwa. Ukiliangalia kutoka barabarani unadhani ni kilima cha kuumbwa, mpaka utambue kwamba mgongo wake umenyooka mno. Tulisimamisha gari mara tatu kwa sababu sikuamini macho yangu.

Juu ya mgongo huo hakuna reli. Zilifumuliwa mwaka 1984.

Karibu na Hainesburg kuna njia ya waenda kwa miguu, ambayo yenyewe ilikuwa reli ya kampuni nyingine, na inapita chini ya daraja la Paulinskill. Matao saba ya zege, mita 335 kutoka mwanzo hadi mwisho, mita 35 juu ya mto. Lilimalizika 1910. Vijana wamelichora rangi kila walipofikia mkono. Niliweka kiganja kwenye nguzo moja nikakuta alama za mbao zilizoshikilia zege siku lilipomiminwa, ubao baada ya ubao, hadi mishipa ya mti inasomeka, na jicho moja la tawi limebaki pale kama muhuri. Mti ule ulishaoza zamani na waliougonga misumari wamekufa wote. Rehema aliona nimenyamaza, akaniuliza, "Mjomba, u mzima?" Nikamwambia niko sawa, nasoma.

Jinsi njia hii ilivyokufa ndiyo iliyonishtua kuliko zote. Mwaka 1960 Lackawanna iliunganishwa na Erie, jirani iliyokuwa ikishindana nayo kutoka New York hadi Buffalo, nayo pia ikiwa inapata hasara. Walitumaini kwamba wagonjwa wawili wakilala kitanda kimoja gharama itapungua. Mwaka 1972, baada ya mafuriko ya kimbunga Agnes, kampuni ya pamoja ikafilisika. Tarehe 1 Aprili 1976 serikali ikaikusanya pamoja na reli nyingine zilizofilisika ndani ya kampuni mpya, Conrail. Conrail ikajikuta na njia kadhaa zinazokwenda kulekule. Ikabakisha baadhi na kuziacha nyingine, na hii iliyojengwa vizuri hivi ikawa miongoni mwa zilizoachwa. Ubora wa kazi haukuulizwa. Kilichoulizwa ni kama inahitajika.

Mwaka huo huo wa 1984, upande wa Hoboken walikuwa wanaweka mfumo mpya wa umeme. Mkono mmoja unapanda, mwingine unang'oa. Sasa shirika la usafiri la jimbo, New Jersey Transit, linarudisha reli kwenye kilomita 12 hivi za mwanzo, hadi Andover, na tulipopita kazi ilikuwa inaendelea.

Kwa atakayefuata: usipande juu ya daraja. Ni hatari, kuna mashimo, na si halali. Njia ya chini ni bure, na nguzo utazigusa ukiwa salama. Vaa viatu vya kufunika, nyasi zina kupe.

Tulilala Delaware Water Gap, upande wa pili wa mto. Moteli ilikuwa dola 94, na kodi ikaongezwa wakati wa kulipa.

Siku ya 3, Ijumaa: kupanda Pocono

Mwenye moteli, mama wa Kigujarati aliyezaliwa Nairobi, alisikia tunavyosemeshana akatuletea chai ya maziwa yenye iliki hadi mlangoni. "Chai ya kwenu," alisema. Hakutaka fedha.

Siku hii ilikuwa ya mvua na barabara kuu, na sina mengi ya kuisimulia isipokuwa kijito cha Brodhead. Tuliposimama pale kilikuwa maji ya kufika magotini yanayopita juu ya mawe. Usiku wa tarehe 18 Agosti 1955, mvua za kimbunga Diane zilipomwagika juu ya ardhi ambayo kimbunga Connie kilikuwa kimeishibisha siku chache kabla, kijito hiki kilipanda kikabeba nyumba, madaraja na watu kwa makumi. Reli ya Lackawanna ilipita kandokando yake. Mataruma na kokoto vilikwenda na maji, reli zikabaki zinaning'inia hewani. Kampuni ilijenga upya kwa mamilioni ya dola wakati mapato yake tayari yalikuwa yanashuka, na miaka mitano baadaye ilikuwa imeunganishwa na Erie.

Tuliingia Scranton wakati wa magharibi, tumechoka.

Siku ya 4, Jumamosi: Scranton

Nitakaa hapa, maana hapa ndipo penyewe.

Mwaka 1840 ndugu wawili, George na Selden Scranton, walikuja kwenye bonde hili kuyeyusha chuma. Matanuru yao manne ya mawe bado yamesimama katikati ya mji, makubwa kama ngome, na kuingia ni bure. Walipata kandarasi ya kuitengenezea Erie reli za chuma, kisha wakaona kwamba wao wenyewe wanahitaji njia ya kutolea mali. Treni ya kwanza ilikwenda kaskazini hadi Great Bend mwaka 1851, na mwaka 1853 kampuni ikapata jina lake refu. Upana wa reli zake ulikuwa futi 6, karibu mara mbili ya zetu za Tabora za mita moja, na ilibaki hivyo hadi 1876 ilipohamia upana wa kawaida wa leo, ule ule wa SGR ya kwetu.

Lakini kilichoibeba kilikuwa anthrasiti, makaa ya mawe magumu yanayong'aa kama kioo cheusi. Asubuhi tulishuka mgodini, kwenye ziara ya mgodi ulio kwenye bustani ya McDade. Kiingilio hakikufika dola 20 kwa mtu. Unakaa kwenye kigari, waya unakuteremsha mita 90 chini, na baridi ni ile ile mwaka mzima, kama nyuzi 12. Bebeni sweta. Mgodi ulifunguliwa 1860 ukafungwa 1966. Aliyetutembeza ni mjukuu wa mchimbaji. Alizima taa zote kwa nusu dakika, na katika giza lile nikasikia maji yakidondoka mahali fulani na Rehema akishika mkono wangu.

Juu ya ardhi, alitueleza, watoto wa kiume wa umri wa shule walikaa kwenye mabao ya jengo la kuchambulia, makaa yakipita chini ya miguu yao, nao wakitoa mawe kwa vidole vitupu. Lackawanna ilikuwa reli na pia mwenye migodi. Mwaka 1902 wachimbaji zaidi ya 140,000 wa anthrasiti waligoma kuanzia Mei hadi Oktoba, mpaka Rais Theodore Roosevelt akaingilia kati. Tume yake ilisikiliza mashahidi hapa Scranton, na wachimbaji wakapata nyongeza ya asilimia 10 na saa chache zaidi za kupumzika. Sanamu ya John Mitchell, kiongozi wao, iko kwenye uwanja wa mahakama. Tulikwenda kuisalimu.

Anthrasiti huwaka polepole na karibu haitoi moshi. Kwa hiyo kampuni ilibuni binti wa matangazo, Phoebe Snow, aliyevaa gauni jeupe na kusifu kwamba akisafiri na Lackawanna gauni halichafuki. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, anthrasiti ikahitajiwa kwingine na binti akapotea. Mwaka 1949 jina lake likarudi kama jina la treni ya abiria ya Hoboken hadi Buffalo. Ilifutwa 1966.

Mchana tulikuwa Steamtown, makumbusho ya taifa ya injini za mvuke, yaliyoko kwenye uwanja wa zamani wa Lackawanna wenyewe, pamoja na karakana yake ya mviringo na meza ya kugeuzia vichwa. Kiingilio hatukulipa, tulilipia tu treni fupi ya kuzunguka uwanja, dola chache, na siku hiyo ilivutwa na dizeli. Wageni wengi hukimbilia Big Boy namba 4012, jitu la mita 40 kutoka reli ya Union Pacific kule magharibi. Ni jitu kweli. Mimi nilikuwa natafuta namba 565. Ni kichwa cha kawaida cha Lackawanna kilichotengenezwa hapa hapa Scranton mwaka 1908, hakina sifa yoyote, na ndiyo maana nilikitaka. Niliinama nikaangalia chini yake: vishikio vya breki, bolti zenye vichwa vya pembe nne, kutu ya rangi ya udongo wa Tabora. Mlinzi wa makumbusho alinijia, nikadhani atanifukuza. Nikamweleza habari ya baba. Akanipeleka mwenyewe hadi dirisha la karakana ambapo mafundi wanafufua injini nyingine, akanionyesha boila iliyofunguliwa, mabomba yote yametolewa, matundu yake yamepangika kama sega la nyuki.

Ni yeye aliyenifafanulia jambo ambalo baba angelifurahia. Kwa kuwa anthrasiti huwaka polepole, inahitaji jiko pana sana, na jiko likiwa pana vile dereva haoni mbele. Kwa hiyo kwenye injini nyingi za eneo hili kibanda cha dereva kilipandishwa katikati ya boila, naye mchochea moto akabaki nyuma peke yake, kwenye upepo na theluji, bila kuonana na mwenzake. Injini alizozitengeneza baba zilichoma mafuta mazito, kibanda kimoja, watu wawili. Nilifikiria upweke wa yule mtu wa nyuma.

Stesheni ya abiria, ya 1908, sasa ni hoteli. Bei yake ilitushinda, tukanywa kahawa tu ukumbini, na hakuna aliyetuuliza. Kuna vigae vya picha 36 ukutani vinavyoonyesha mandhari ya njia nzima kutoka Hoboken hadi Buffalo. Treni ya mwisho ya abiria iliondoka Scranton Januari 1970.

Na hapa kuna sababu iliyo nzito kuliko zote. Mwaka 1917 Pennsylvania ilichimba takriban tani milioni 100 za anthrasiti. Baadaye nyumba zikahamia mafuta na gesi. Tarehe 22 Januari 1959, kule Port Griffith, wachimbaji waliokuwa wanachimba karibu mno na sakafu ya mto waliutoboa Susquehanna, mto ukamiminika mgodini, watu 12 hawakuonekana tena. Uchimbaji wa chini ya ardhi katika bonde hili ukakaribia kwisha baada ya hapo. Reli iliyojengwa kubeba kitu kimoja ilibaki na madaraja ya kubebea kisichokuwapo. Scranton yenyewe ilikuwa na watu 143,000 mwaka 1930. Mwaka 2020 ilikuwa na 76,000.

Jioni tulitafuta unga wa ugali, tukaelekezwa duka dogo la vyakula vya Kiafrika. Mama muuzaji alikuwa wa Uvira, amekaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa Pennsylvania. "Weye uko mutu ya wapi?" aliniuliza. Nilipomwambia Tabora alipiga makofi. Alikuwa amesikia honi ya treni ya Kigoma. Alifunga duka, akatupeleka kwake, tukala ugali kwa ndagala na sombe, na alipotusindikiza alitutilia ndagala nyingine kwenye mfuko. Nilijaribu kumlipa. "Weye ni jirani," alisema, "jirani anaripa nini?"

Kwa atakayefuata: hakuna treni ya abiria ya kufika Scranton. Mabasi kutoka New York huchukua saa mbili na nusu hivi. Pita Old Forge, dakika kumi kwa gari, ule piza yao ya mstatili. Wenyeji huiagiza kwa sinia.

Siku ya 5, Jumapili: Nicholson

Barabara namba 11 kwenda kaskazini ina jina la Lackawanna Trail, na inakaa vizuri mno kwa barabara ya milimani. Miinuko yake ni ya upole, kona zake ni ndefu. Nilimwambia Rehema hii si barabara, hii ni reli. Na kweli. Mwaka 1915 Lackawanna ilipohamia njia mpya kati ya Clarks Summit na Hallstead, iliacha tuta lake la zamani, na jimbo likajenga barabara juu yake. Malori yaliyokuja kuichukulia mizigo yalipewa njia iliyokwisha kusawazishwa na reli yenyewe.

Kisha kona moja, na lile daraja likatokea juu ya paa za nyumba.

Daraja la Tunkhannock lina urefu wa mita 724 na kimo cha mita 73 juu ya kijito. Matao makubwa kumi yanaonekana, na mawili madogo yamefukiwa kwenye kingo. Lilijengwa kati ya 1912 na 1915, likala mita za ujazo zipatazo 127,000 za zege, na kwa miaka mingi halikuwa na mwenzake duniani kwa ukubwa miongoni mwa madaraja ya zege. George J. Ray alikuwa mhandisi mkuu wa kampuni, na Abraham Burton Cohen ndiye aliyelichora. Nyumba za Nicholson ziko miguuni mwake. Mama mmoja alikuwa anaanua nguo chini ya tao kabla mvua haijashika, na nguo zile zilionekana kama karatasi.

Mvua ikashika kweli. Tulingoja saa mbili, treni haikupita. Tulipotaka kuondoka tairi la nyuma lilikuwa chini, na ufunguo wa nati haukuwamo garini. Rehema alipiga namba ya dharura ya kampuni ya kukodisha, akaambiwa asubiri saa tatu. Daftari langu lililowa hapo, nimeliweka juu ya paa la gari nikasahau.

Mzee mmoja alisimamisha pikapu, akatoa jeki yake bila kuuliza, akalala kwenye matope kwa koti lake zuri la kanisani. Wakati anakaza nati aliniambia baba yake alikuwa kwenye genge la kutengeneza njia upande wa kaskazini wa daraja. Baada ya muungano wa 1960 ofisi zilihamia Cleveland, magenge yakapunguzwa, na baba yake akarudi nyumbani na nyundo ya kugongea misumari ya reli. Anayo bado, ghalani. Nikamwambia baba yangu aliacha spana namba 32, nami ninayo. Alisimama, mvua inamtiririka usoni, akanipa mkono wenye matope. Alikataa fedha, akakubali pakiti moja ya ndagala baada ya kunusa kwa muda mrefu.

Siku ya 6, Jumatatu: Binghamton na kurudi

Asubuhi tulikwenda Binghamton, New York, kuona stesheni ya 1901 na mnara wa Marconi ulio kando yake. Mwaka 1913 Lackawanna ilitumia mnara huu kupeleka ujumbe wa redio kwa treni iliyokuwa mwendoni, jambo ambalo reli nyingine zilikuwa bado hazijalifanya. Tulikaa nusu saa, tukageuza.

Gharama kwa watu wawili, bila nauli ya ndege: malazi usiku tano dola 455, gari na bima dola 590, mafuta dola 71, chakula dola 240, viingilio na treni ndogo ndogo dola 80. Gari ndilo lililotuumiza.

Nicholson tulisimama tena, saa tisa na nusu alasiri, jua limetoka. Nilikwisha kusema tungoje dakika kumi tu. Ilianza kama mtetemo, hata si sauti, halafu vichwa viwili vyeusi vya kampuni ya reli ya Norfolk Southern vikatokea kwenye miti upande wa kusini, juu kabisa, vidogo. Rehema alianza kuhesabu mabehewa kwa sauti. Nilimpigia kaka yangu Tabora, ambako ilikuwa karibu saa tano za usiku, nikainua simu juu.

"Ni treni?" aliuliza.

"Ya mizigo."

"Inasimama?"

"Haisimami hapa," nikamwambia. Rehema alikuwa amefika sabini na moja, na bado zilikuwa zinakuja.